Hita Inayozimika Yenyewe

Mwezi wa Julai simu yangu haipumziki. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu hushuka mapema, na kila mwenye hita ya gesi huniuliza swali lile lile: "Fundi, mbona inazimika?"

Wiki jana aliyeniita ni mwalimu mstaafu. Hita yake ni ile ya sanduku, yenye mtungi mgongoni. Nilipoingia sebuleni sikuigusa kwanza. Nilitazama madirisha: vioo vilikuwa vinatiririka maji. Nikainua macho hadi kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha, ambayo waashi wa zamani hawakuyasahau. Yote yalikuwa yamezibwa kwa magunia.

"Baridi ilikuwa inapitia hapo, binti yangu," akajitetea.

"Na hewa, Mwalimu, ipitie wapi?"

Kwa kuwa alifundisha hesabu, nikampa hesabu. Hita ya aina hiyo, sahani zake zote tatu zikiwaka, hula gramu 300 hivi za gesi kwa saa. Gesi hiyo ikiungua hutoa karibu nusu lita ya maji kwa mvuke, na karibu kilo moja ya kaboni dioksidi. Hita haina bomba la moshi, kwa hiyo vyote hubaki chumbani na wewe. Yeye alikuwa ameanza kutafuta fundi wa paa, akidhani nyumba inavuja! Tena kila kilo ya gesi huhitaji mita za ujazo 12 za hewa au zaidi ili iungue vizuri. Huku kwetu juu, hewa ikiwa nyepesi, huhitaji nyingi zaidi.

Sasa, kwa nini inazimika? Pembeni mwa sahani kuna kimwali kidogo kinachopasha joto pini. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka kukaribia 18, kimwali huinuka na kuiacha pini. Pini ikipoa, vali hufunga gesi. Kwenye miinuko kama yetu kifaa hicho huwa chepesi kuzima, hata pale chumba hakijaharibika sana.

"Basi king'oe," akasema Mwalimu. "Kinanisumbua."

Nilikataa. Wapo mafundi wanaokikata kwa dakika mbili, mteja akafurahi, akalipa. Lakini moto unaokosa oksijeni hauzimiki papo hapo. Huendelea kuwaka vibaya, ukitoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, magoti yanalegea. Mtu hudhani ni malaria, akajilaza palepale. Dalili ya kuitambua ni hii: mnaugua nyote kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu.

Nikayatoa magunia. Chumba chenye hita kinataka njia mbili za hewa: moja karibu na dari, ambako hewa chafu yenye joto hutokea, na nyingine karibu na sakafu, ambako safi huingia. Hiyo ya chini ina kazi ya pili: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni. Nikazima sahani mbili, nikaacha moja, na dirisha wazi upana wa vidole vinne.

"Kwa hiyo ninanunua gesi nipashe joto Limuru nzima?"

"Limuru itakula kidogo, Mwalimu. Kubwa linabaki kwako. Na usilale ikiwaka." Anayetaka joto usiku kucha anunue hita ya ukutani, yenye bomba linalovuta hewa kutoka nje na kurudisha moshi nje. La sivyo, blanketi la pili.

Tulijaribu kwa saa nzima. Haikuzimika, na vioo vikaanza kukauka.

Nikielekea langoni niliona mwanga mwekundu chini ya mlango wa kibanda cha mlinzi. Ndani kulikuwa na jiko la makaa, na dirisha limezibwa kwa katoni. Sikubisha hodi. Nilisukuma mlango, nikamwambia kijana alitoe jiko nje, kisha nikarudi kumwita Mwalimu aje aone. Jiko lile halina pini.