Uyoga wa juu ya magogo

Wamama, mvua ikianza, watoto wanaleta nyumbani uyoga waliochuma juu ya magogo yanayooza kule mashambani. Uyoga ule hausimami kama mwavuli. Unashikamana na muti upande mmoja, na umbo lake ni kama upepeo wa kupepea makala. Utaujua namna gani? Usitazame juu tu. Ugeuze, utazame chini.

Kuna mdogo, upana wa kidole kimoja ao viwili, mweupe wa majivu, wenye manyoya juu. Chini una majani membamba kama kurasa za kitabu, na kila jani limepasuka katikati kwa urefu. Jua likiwaka unajikunja, mvua ikirudi unafunguka tena. Watu wengi wanaula, lakini ni mgumu kama ngozi, lazima uchemke sana.

Mwingine ni mkubwa, mwororo, mweupe ao wa majivu, unaota kwa tabaka. Majani yake ya chini yanashuka mpaka kwenye kikonyo kifupi cha kando. Huu ndio mtamu kabisa. Tena kuna ule mgumu kama ubao, chini hauna majani, ni matundu madogo tu. Ule si mboga.

Wa rangi ya machungwa, utupe. Na usiojulikana na wazee wa kijiji, utupe vilevile, hata kama ni njaa. Wengine wanasema: konokono ameula, basi ni mzuri. Ao wanatia kitunguu ndani ya chungu, wanangoja kibadilike rangi. Ni uongo! Konokono anakula sumu inayoua mtu, na kuna sumu isiyoondoka hata ukipika siku nzima.

Mtoto akitapika na kuhara kisha kula uyoga, mlete hospitali mara moja. Ugonjwa ukianza kisha saa 6 ao zaidi, hatari ni kubwa kupita. Siku ya pili anaweza kuonekana amepona, anacheza, kumbe sumu inaharibu ini lake. Usidanganyike, mlete tu. Anayenyonya, umnyonyeshe njiani. Mwenye akili timamu na anayeweza kumeza, mpe kidogo kidogo maji safi litre 1 yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Uyoga uliobaki, hata uliopikwa, uufunge ndani ya jani uulete pamoja naye, muganga auone.