Tarakilishi Kuukuu Kuwa Njia Panda ya Mitandao

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi tarakilishi ya kawaida, hata ile kuukuu iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa sebule, inavyoweza kuwa ruta, yaani mashine ya kuunganisha mitandao miwili.

Tuchukue mfano wa hapa hapa Donholm. Kuna jengo lenye saiba chini, na wenye saiba wanaishi juu. Saiba ina mtandao wake: tarakilishi za wateja, printa, na kile kisanduku cha kampuni ya intaneti. Nyumbani nako kuna mtandao mdogo. Kijana akitaka kuchapisha insha, sharti ateremke ngazi na flashi mkononi. Si achomeke tu waya wa nyumbani kule chini yaishe? Aa, hapana! Mteja yeyote angekuwa mtandao mmoja na mashine iliyo na hati za baba na hesabu za duka. Mitandao ibaki miwili, ila pawe na njia panda katikati, kama Jogoo Road inavyokutana na Outer Ring Road pale Donholm.

Mashine hiyo inahitaji kadi mbili za mtandao: waya mmoja uende saiba, wa pili nyumbani. Mtandao wa saiba upewe anwani zinazoanza na 192.168.1, na wa nyumbani 192.168.2. (Anwani za 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, kwa hivyo huombi ruhusa kwa mtu.) Kadi ya upande wa saiba iitwe 192.168.1.2, ya nyumbani 192.168.2.1. Tarakilishi za nyumbani ziambiwe kwamba lango lao la kutokea ni hiyo 192.168.2.1. Kisha, kwa kuwa Linux ni ya bure, tuseme inaendeshwa na Linux. Humo mna faili iitwayo ip_forward yenye tarakimu 0. Igeuze iwe 1, na mashine itaanza kupitisha pakiti zisizo zake.

Hapa ndipo wengi hukwama. Pakiti inatoka juu, inafika kwa printa, halafu kimya! Kwa nini? Printa inataka kujibu lakini haijui 192.168.2 iko wapi. Inalipeleka jibu kwa kisanduku cha kampuni, nacho hakijui vilevile. Basi kisanduku kielekezwe: kila kitu cha 192.168.2 kipitie 192.168.1.2. Kwenda ni njia moja na kurudi ni nyingine, na zote mbili lazima zielezwe.

Mtu atauliza, kwani asitume insha kwa barua pepe? Atatuma, lakini ghorofa moja itageuka safari ndefu. Taifa zima liliwahi kusafiri hivyo. Kabla ya mwisho wa 2000, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili tofauti za Nairobi ilipanda setilaiti, ikazuru ng'ambo, ndipo ikarudi. Novemba 2000 kampuni zikaanzisha KIXP, kituo cha kukutanishia mitandao yao papa hapa Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi Tume ya Mawasiliano ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Ajabu, sivyo? Watu kushitakiana kwa sababu ya njia ya mkato!

Turudi kwenye jengo letu. Njia iliyofunguliwa hupitika pande zote mbili, kwa hivyo mteja wa saiba naye sasa anaweza kupanda juu. Ni lazima programu ya ulinzi iwekwe kama askari wa geti: majibu ya mazungumzo yaliyoanzishwa nyumbani yaruhusiwe kupita, na lolote linaloanzia saiba lirudishwe. Bila askari huyo, afadhali kijana aendelee kuteremka na flashi yake.

Jambo la mwisho ni stima. Tarakilishi kuukuu hula umeme mara nyingi zaidi ya ruta ndogo ya dukani, na tokeni hazikai. Iwasheni mkiwa na kazi ya kuchapisha, mkimaliza, izimeni.