Simu Ikiingia Maji, Usiiwashe!

Kabla sijafika mbali, namwomba mwalimu wetu wa nidhamu asinitazame kwa jicho kali. Simu nitakazozitaja humu hazikuwahi kuvuka lango la shule. Ni simu za nyumbani, na mambo yenyewe yalitokea likizoni, nyumbani kwetu Mtwapa.

Mama yangu huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Wateja wake wengi hawabebi pesa mkononi, wao hutuma kwa M-Pesa, huduma iliyoanza hapa nchini mwaka wa 2007 na sasa imekuwa kama maji ya kunywa. Kwa hivyo simu ya Mama ndiyo kibweta chake cha pesa. Si simu ya kuringia. Ni kabambe, zile za vibonyezo tunazoziita mulika mwizi. Huifunga katika pindo la leso, kama vile nyanya alivyokuwa akifunga noti zake.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti nilitumwa kufua. Nikazizoa leso zote zilizokuwa kitandani, nikazitosa katika beseni la maji ya sabuni, kisha nikaenda kunywa chai. Niliporudi na kuanza kufikicha, mkono wangu uligusa kitu kigumu. Lo! Moyo ulinilipuka paa! Nilifungua lile fundo vidole vikitetemeka. Karo yangu ya muhula wa tatu, shilingi 8,500, nilijua imo humo. Shule ilikuwa inafunguliwa wiki iliyofuata.

Sasa sikiza nilivyofanya, ili ujue la kutofanya. Niliipangusa simu kwa fulana yangu nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Ikawaka! Nikamshukuru Mungu. Punde ikazimika. Nikaibonyeza tena, na tena, na mara ya nne. Nikajiambia pengine imeishiwa na chaji, nikaichomeka kwenye stima. Ilitoa harufu ya plastiki inayoungua, na huo ukawa mwisho wa uhai wake.

Mama hakunichapa. Alikaa tu juu ya kibao cha mbuzi akanyamaza, na afadhali angenichapa.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja hapo stejini. Aliifungua, akaiweka bodi yake chini ya kioo cha kukuzia, akaniita nichungulie. Niliona vijistari vyembamba vya shaba, na juu yake utando wa kijani, vingine vimekatika kabisa. Fundi akasema, "Mwanangu, maji hayakuiua simu hii. Umeiua wewe kwa kuiwasha."

Wenzangu mnaopenda Kemia mtalielewa jambo hili upesi. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno. Lakini maji yetu si safi kiasi hicho: ya kisima yana madini, ya beseni yana sabuni na jasho la nguo, ya bahari yana chumvi. Maji ya namna hiyo ni njia ya umeme. Betri ya simu ina volti 3.7 hivi, na mle ndani vistari vya shaba vimepangwa karibu karibu kama nyuzi za khanga. Maji yakikaa katikati, umeme huruka kutoka mstari huu hadi ule mahali usipotakiwa. Hapo ndipo elektrolisisi inapoanza. Shaba ya upande mmoja inayeyuka na kuhama, na kutu inapanda. Kazi hiyo haingoji siku tatu, dakika chache zinatosha. Simu isiyo na umeme ndani yake inaweza kuzama na bado ikapona. Ile yenye umeme inajila yenyewe.

Basi jambo la kwanza, kabla hata ya kulia, ni kuukata umeme. Ikiwa simu ilikuwa kwenye chaja, zima swichi ya ukutani kwanza ndipo uiguse. Kama ni kabambe, fungua mgongo utoe betri. Kama ni simu janja ambayo betri yake haitoki, izime na usiiguse tena hata ukitamani kuona kama inafanya kazi. Ikiwa imejizima yenyewe, iache ilivyo. Toa laini, kadi ya kumbukumbu na kava. Kisha igeuze tundu la chaja litazame chini, uipigepige polepole kwenye kiganja ili maji yatoke.

Nikirudi kwa Mama: fundi aliipangusa ile laini, akaitia katika simu yake. Mama akampa mgongo, akabonyeza namba yake ya siri. Pesa zote zilikuwepo! Kumbe pesa za M-Pesa hazikai ndani ya simu wala ndani ya laini. Zinakaa katika akaunti kwenye mitambo ya kampuni, na simu ni mlango tu. Hata laini yenyewe ikiharibika, mwenyewe huenda na kitambulisho chake akapewa nyingine yenye namba ile ile. Kilichopotea ni majina ya wateja, maana Mama alikuwa ameyahifadhi kwenye simu, si kwenye laini. Kuna wadeni wa mahamri ambao mpaka leo hawajajitokeza.

Sasa tuzungumzie mchele. Najua unaungoja. Hakuna mtaa usio na mtu atakayekwambia utumbukize simu ndani ya gunia la mchele, na mama mdogo alikuja na kilo mbili mkononi. Ukweli ni kwamba mchele mkavu hunyonya unyevu polepole sana, na hewa iliyo katikati ya punje imesimama tu. Simu iliyoachwa mezani penye upepo hukauka vizuri kuliko iliyozikwa. Vumbi la mchele nalo huingia kwenye tundu la chaja. Kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasiweke simu kwenye mchele, na onyo hilo lilivuma sana mwaka wa 2024. Isitoshe, mchele hauwezi kunyonya chumvi wala sabuni. Maji yakikauka, hizo zinabaki juu ya bodi, na kila siku ya unyevunyevu kutu inaendelea. Mchele upikwe pilau.

Wengine huianika simu juu ya mabati. Jua la Pwani mnalijua! Betri hizi za lithiamu hazipendi joto, zinaweza kuvimba. Mashine ya kukaushia nywele nayo husukuma maji ndani zaidi. Kinachofaa ni upepo wa kawaida, kwa mfano feni, na subira ya siku moja au mbili. Betri iliyovimba usiichaji kamwe.

Pia kuna jirani yetu mmoja anayejigamba kwamba simu yake haiingii maji. Alama ya IP67 ina maana kwamba ilijaribiwa katika maji baridi, yasiyo ya chumvi, kina cha mita 1 kwa dakika 30. Mpira unaozuia maji huchakaa, na simu ikishaanguka na kupasuka kioo, majigambo hayo yameisha.

Mwezi wa Disemba nilipata nafasi ya kulipa deni langu. Ami yangu ni mvuvi, na kabambe yake ilimponyoka ikatumbukia baharini akishuka kwenye dau. Aliiokota akataka kuiwasha pale pale. Nilimnyang'anya! (Kwa heshima zote, lakini nilimnyang'anya.) Nikatoa betri na laini, kisha nikaitosa simu katika ndoo ya maji matamu. Wavuvi walipiga kelele kwamba mtoto huyu ana wazimu. Lakini lita moja ya maji ya bahari huwa na chumvi ya gramu 35 hivi, na chumvi hiyo haitoki ila kwa kuoshwa. Simu janja ambayo betri yake haitoki sikushauri uitose hivyo. Hiyo kimbiza kwa fundi siku hiyo hiyo.

Fundi wetu aliifungua, akaisugua bodi kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili, ambayo huyachukua maji na kuruka nayo hewani. Tukaiacha mbele ya feni siku mbili. Ami alikuwa akija kila baada ya saa moja kuuliza kama imepona, kana kwamba ni mgonjwa wa wadi.

Siku ya tatu tukatia betri. Ikawaka, na majina yake yote yakiwemo. Spika tu ndiyo haikurudi kama zamani. Akipigiwa, simu hulia kama jogoo mwenye mafua, na Ami hataki kuibadilisha, anasema kwa mlio huo hakuna atakayeiiba.