Besi Isikikayo Katika Redio Ndogo

Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam. Amri hiyo haikuzihusu redio ndogo za betri, nazo ndizo zenye fumbo, ziwe Musoma, Bunda au Butiama. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika iliyo sawa na kiganja haitoi barabara sauti iliyo chini ya mara 150 hivi. Mbona basi besi yasikika?

Waya hautetemeki kwa namna moja tu. Papo hapo hutoa pia sauti za mara 82, 123, 164, 205 na kuendelea. Hizo za juu hupita katika spika, na ubongo, ukitambua kwamba zaachana kwa 41, huijaza ile iliyokosekana.

Watayarishaji wa Motown, kampuni aliyoianzisha Berry Gordy mjini Detroit mwaka 1959, walizipima nyimbo kwa spika ndogo kama za redio za magari. Kwa hiyo besi ya James Jamerson, katika tungo za Holland, Dozier na Holland, haipotei. Nasi humsifu mwimbaji peke yake!

Wakurya wa Mara nao wanayo iritungu, ala kubwa ya nyuzi nane, yenye sauti nzito inayovuma kwa mkwaruzo. Mkwaruzo huo si kasoro: huongeza sauti za juu, zile zile ambazo sikio huzitumia kuitambua sauti ya chini.