Kulinda Kasha la Giaboksi ya Volkswagen ya Zamani

Kasha la giaboksi ya Volkswagen Beetle limesubuliwa kwa aloi ya magnesiamu, na karibu kila sharti la kulisafisha na kulipaka rangi linatokana na metali hiyo. Magnesiamu ni nyepesi mno: sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.74, wakati alumini ina gramu 2.7 na chuma karibu gramu 7.9. Kwa gari lililobeba injini na giaboksi nyuma, wepesi huo ulikuwa na faida kubwa. Gharama yake ni kwamba magnesiamu huliwa upesi kuliko metali nyingine zinazoundiwa magari.

Uharibifu wake hauonekani kama kutu nyekundu ya chuma. Kasha hupoteza mng'ao, likafanya unga mweupe au wa kijivu, kisha vishimo. Vishimo vibaya zaidi hukaa kando ya bolti. Pale chuma cha bolti kinapogusana na magnesiamu, na maji yenye chumvi yakazigusa metali zote mbili, hutokea umeme mdogo. Magnesiamu huliwa na bolti husalimika. Ndiyo maana gari lililokaa Mombasa, Tanga au Unguja, penye upepo wa bahari, huwa na hali mbaya kuliko lililokaa bara penye ukavu. Ulaya nako adui ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu.

Kabla ya kugusa dawa yoyote, fundi hana budi kuijua metali aliyonayo, kwa sababu si makasha yote ni ya namna moja. Land Rover za zamani zina kasha la alumini, na malori mengi ya zamani yana la chuma. Chuma hunasa sumaku. Kutofautisha alumini na magnesiamu, hutosha tone la siki mahali palipokwanguliwa: kwenye magnesiamu hutoka mapovu papo hapo, kwenye alumini hutulia. Tone hilo lifutwe na kusuuzwa mara moja. Tofauti hii ina uzito mkubwa. Kostiki soda hula alumini lakini huiacha magnesiamu. Asidi nyingi, ikiwemo ya betri na ile iliyomo katika dawa za kuondoa kutu, huishambulia magnesiamu vikali. Makasha mengi mazuri yameharibiwa siku ya kusafishwa, si barabarani.

Usafishaji huanza kwa kumwaga oili na kuziba matundu yote, hasa tundu la kupumulia, ambalo husahaulika kirahisi. Tope na grisi vikwanguliwe kwa kipande cha mti au plastiki, kisha kasha lisuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa. Petroli isitumike kabisa. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Baada ya hapo hufuata maji ya moto yenye sabuni, kusuuza kwa maji safi, na kukausha mara moja kwa upepo wa kompresa.

Unga mweupe huondolewa kwa brashi ya nailoni. Brashi ya waya haifai, iwe ya chuma au ya shaba, kwani chembe zake hubaki zimenasa katika magnesiamu na kuanzisha upya ulaji uleule. Wenye mashine ya kupulizia watumie shanga ndogo za kioo kwa upepo mdogo, na kasha liwe limefunguliwa, gia na beringi zikiwa nje. Chembe chache za kioo zikiingia ndani, beringi haitadumu. Vumbi la magnesiamu nalo ni la kuogopwa. Kasha zima haliwaki kirahisi, lakini vumbi lake huwaka kwa joto kali, na kulimwagia maji huuchochea moto. Mchanga mkavu uwe karibu.

Viwandani magnesiamu hutiwa kwanza dawa inayobadilisha uso wake ili rangi ishike. Dawa za jadi zina kromati, ambayo husababisha saratani, kwa hiyo si kazi ya kufanyia uani. Zipo dawa mpya zisizo na kromati. Kabla ya rangi, kasha lipashwe moto kwa hewa ya moto ili oili iliyojificha katika vitundu vya metali itoke jasho, ifutwe tena. Hatua hii ikirukwa, rangi hubambuka. Praima ya epoksi ya kuchanganya inafaa, ipakwe siku hiyohiyo. Juu yake hupakwa rangi nyembamba inayostahimili oili. Rangi nene si ulinzi zaidi, kwa sababu giaboksi hii hupoza oili yake kupitia uso wa kasha.

Nyuso za gasketi, nyuzi za bolti na namba ya giaboksi visipakwe. Vilevile pale unapofungwa waya wa athi unaounganisha giaboksi na bodi paachwe pakavu na peupe: raba za kushikilia giaboksi hazipitishi umeme, na pakipakwa rangi stata hukosa nguvu. Pakishafungwa, panaweza kupakwa grisi. Bolti ziwe zimepakwa zinki, na chini ya kila moja iwekwe washa ya alumini ili chuma kisigusane na magnesiamu.

Baada ya masika ya kwanza, kasha likaguliwe kando ya bolti, na palipochubuka pakwanguliwe na kupakwa tena. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Kwa hiyo mwenye kasha la asili lenye vishimo vya juujuu tu asilitupe. Lisafishwe, lipakwe, lirudishwe kazini.