Mlenda, Haidrojeli na Kioo cha Jicho

Katika Soko la Majengo, mjini Dodoma, huuzwa mlenda uliokaushwa na kusagwa. Unga huo ukitiwa katika maji huyanywa na kuyashika, yakawa ute. Haidrojeli ni jamaa ya ute huo, ila nyuzi zake za molekuli zimefungwa pamoja kwa vifundo vya kikemia, hata isiyeyuke ikikaa majini.

Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wa Prague, walitangaza haidrojeli ya kutengenezwa iitwayo polihema. Ikilowana, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni maji. Ni laini, angavu, wala haiudhi mwili. Ndiyo iliyozaa lenzi laini za kuvaa machoni.

Lakini uteute huo una kasoro yake. Chembe hai haishiki kitu chochote hivi hivi. Hushika protini zilizokwisha kutanda juu yake, mathalani faibronektini. Juu ya polihema protini hizo hazitandi vema, na chembe huteleza kama kidole juu ya mlenda. Mwaka 1978, nchini Marekani, Judah Folkman na Anne Moscona walipaka polihema kwenye vyombo vya kuoteshea chembe. Kadiri utando ulivyokuwa mnene, chembe zilikuwa za mviringo zaidi na ukuaji wake ukafifia. Chembe ya namna hiyo isipojinyoosha, haizaani.

Basi wataalamu huubadili uso wa jeli na kuuacha moyo wake ulivyo. Wako wanaouchoma kwa asidi ya salfuri, wako wanaoupitishia gesi iliyotiwa umeme, na wako wanaoufungia kolajeni. Njia iliyo maridadi kupita zote ilitokana na ugunduzi wa Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti. Mwaka 1984 walionyesha kuwa katika protini kubwa ya faibronektini, chembe hushika hasa asidi amino tatu zilizofuatana: ajinini, glisini na asidi aspatiki. Kipande hicho kidogo chaweza kubandikwa juu ya jeli.

Uwanda wa kati una sababu ya kulifuatilia jambo hili. Trakoma, au vikope, imesumbua sana wilaya kama Kongwa. Makovu huikunja kope ndani, nywele zake zikaikwaruza konea, yaani kioo cha jicho, mpaka ikawa nyeupe. Katika miaka ya 1990 Traian Chirila na wenzake, mjini Perth, Australia, walibuni konea ya polihema: katikati angavu, na ukingo wenye vitundu ili chembe za jicho ziingie na kuishika. Ilitumiwa kwa wagonjwa, ingawa kwa baadhi yao nyama ya jicho iliyoizunguka iliyeyuka.

Jicho la trakoma ni gumu zaidi. Machozi yake ni haba, na kope iliyopinda itaukwaruza uso mpya kama ilivyoukwaruza wa zamani, hata ungebandikwa protini gani. Kwa hiyo kope hunyooshwa kwanza kwa upasuaji. Kwa watoto kazi huanza mapema zaidi: utafiti wa vijiji vya Kongwa, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kunawa uso, pamoja na dawa ya macho, kulipunguza trakoma kali.