Goti Lipimwe, Lisikisiwe

Mkimbiaji akiumia goti hapa Olmotonyi, kila mtu anageuka daktari. Mwingine huambiwa aache mbio kabisa, basi. Mi nasema tupige video kwanza. Kinovea ni programu ya bure ya Windows: unaweka alama kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu, inazifuata, inaonyesha nyuzi za goti juu ya video yenyewe, na grafu kwenye dirisha jingine.

Ila angalia kamera. Simu inayopiga picha 30 kwa sekunde, na mguu unaogusa ardhi kwa takribani sekunde 0.2, unapata picha sita tu. Ukiweka 120, unapata 24. Simu ikae ubavuni, kwenye stendi. Ukipiga kwa mshazari, nyuzi utakazosoma si za goti lile.